Kipengele cha Saba

Mashine ya kukereza ilikuwa inaunguruma na Mama Chuma ameinama, anapima unene wa fimbo ya chuma kwa mara ya tatu, mtahini alipoingia karakana na fomu zake kwapani. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumpokea. Zamani kitengo cha ukerezaji cha idara ya maji kilikuwa na mafundi sita. Wakastaafu, wakahama, wakafa, mashine zao zikafunikwa maturubai. Mwaka wa nne huu Mama Chuma alikuwa peke yake. Kuna siku alifika getini jioni akagundua kwamba hajafungua kinywa tangu alipomsalimia mlinzi asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kiti ni hicho. Usiegemee, kitakumwaga."

Mama Chuma alikuwa kibarua kwa miaka kumi na tisa. Kazi ya fundi aliifanya, cheti cha fundi hakuwa nacho, na ofisi ilikuwa imetoa waraka: asiye na cheti, mkataba wake hauongezwi. Chuma cha mtihani kilikuwa kazi ya kweli, shina lenye nyuzi, la kufungulia na kufungia koki kubwa ya mtaa wa bondeni. La zamani lilikatika, na leo ilikuwa siku ya sita mtaa mzima hauna maji. Stoo ilibaki na fimbo moja tu ya aina ile, nayo ikagongwa namba ya mtihani.

Mtahini alitia vema kipengele kimoja baada ya kingine: miwani, kunoa kisu, kupanga gia. Akafika cha saba.

"Mtahiniwa atatumia saa ya nyuzi."

Ni kisahani kidogo ubavuni mwa mashine, chenye mistari na namba kama saa ya ukutani. Nyuzi za bolti hazikatwi kwa mpito mmoja. Kisu hupita, hurudishwa mwanzo, hupita tena kwa kina zaidi, na kila mara lazima kiangukie mfereji uleule. Mstari wako ukifika kwenye alama, unabana wenzo, kisu kinashika njia yake. Ukikosea, kinachana kila ulichokwisha kata, na nati haiingii tena.

"Hii haifai, mwalimu. Gia yake imelika meno, inateleza. Inakuonyesha moja, kumbe uko katikati ya moja na mbili. Nimeandika barua tatu."

Mtahini alifunua karatasi. "Mkuu wa karakana amesaini kwamba mashine ni nzima."

"Mkuu hata mlango wa kuingilia humu haujui."

"Sasa wewe unakataje?"

"Wenzo siuachii. Natoa kisu, narudisha mashine kinyumenyume mpaka mwanzo, vyote vimeshikana. Inachelewesha, lakini njia haipotei."

Mtahini aliweka kalamu chini. Akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na wa kusikia. "Mama, nikiandika mashine ni mbovu, mtihani unafutwa mpaka mwakani. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwezi huu."

"Basi achia wenzo, bana kwa saa, mara nne tano hivi. Natia vema, naondoka. Fomu haina mahali panaposema nati iingie."

"Haina?"

"Haina. Nimeisoma yote."

Kicheko kilimtoka Mama Chuma bila kutaka, kikagonga mabati ya paa, kikamrudia mwenyewe.

Alikata mpito wa kwanza. Kisu kilifika mwisho, mkono wake ukabaki juu ya wenzo. Kuuinua tu. Bondeni hakuwa na ndugu wala rafiki. Nani angejua? Binti yake aliyeolewa mbali angepiga simu kumpongeza, labda wangezungumza hata nusu saa.

Akaondoa mkono. Akatoa kisu, akairudisha mashine kinyumenyume.

Alipita mara kumi na moja. Mtahini alingoja. Nati iliingia kwa ncha za vidole, ikashuka mpaka chini. Mtahini aliichukua, akaizungusha juu na chini mwenyewe.

"Kazi safi," alisema, kisha akachora alama ya mkasi kwenye kipengele cha saba. "Hiki ni cha lazima, mama. Samahani. Saini hapa. Hapo pa maoni huwa watu hawaandiki kitu."

Mama Chuma alifuta grisi vidoleni, akaandika polepole: *SAA YA MASHINE NI MBOVU MIAKA MITATU. MKUU AMESAINI UONGO. NATI IMEINGIA.*

"Hii itafika makao makuu, mama."

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Mtahini alipoondoka, Mama Chuma alilifunga shina kwa kitambaa chenye mafuta, akalibeba hadi getini. Dereva wa gari la mafundi bomba alilipokea dirishani bila kuzima injini, akamnyooshea kitabu cha makabidhiano.

"Mpelekee fundi asaini, mama. Fanya haraka, watu wana kiu."

Mama Chuma alikiweka kitabu juu ya boneti, akasaini penye neno FUNDI, akamrudishia.

Dereva aliitazama saini, akamtazama na yeye. Kisha akatia gia, na Mama Chuma akarudi ndani kufagia mabaki ya chuma.