Mkono wa Mzee Majaliwa

Dorkas na Jenifer walisoma sanaa chuo kimoja, wakarudi Same pamoja, na sasa wote wawili walikuwa wakimchora mtu mmoja: Mzee Majaliwa, aliyekata mkonge mpaka mgongo ukakataa, ambaye siku hizi anaomba pale stendi. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umewapa nafasi ya picha moja tu. Walikubaliana mzee achague mwenyewe.

Kwa Jenifer, mzee alikaa kimya, macho chini, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwa Dorkas, aliyekuwa akimchonga kwenye ubao, alicheka.

"We binti wa kule Vudee, nichonge vizuri. Mimi nilikuwa na wachumba."

"Wangapi, babu?"

"Wengine bado wananitafuta."

Jenifer alikandamiza penseli mpaka ncha ikavunjika. Chai ya mzee alikuwa akiileta yeye kila asubuhi. Kicheko kilikwenda kwa Dorkas.

Alisogea kuchungulia ubao ambao Dorkas alikuwa akiuchonga kwa patasi. Dorkas alikuwa ameuchonga mkono wa kuomba upande uleule aliouona kwa macho. Lakini ubao ukipakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, picha hugeuka: mkono wa kulia ungetoka wa kushoto. Jenifer alifungua mdomo aseme. Mzee akacheka tena. Jenifer akaufunga mdomo.

Jumamosi, wino ulipokauka, walimwonyesha. Mzee aliitazama picha ya Dorkas kwa muda. Uso ulikuwa wake kabisa, na utani umejificha pembeni mwa jicho.

"Mjukuu wangu," alisema polepole, "kuomba naomba. Lini nimepokea kitu cha mtu kwa kushoto?"

Dorkas akajishika kichwa. "Nisamehe, babu. Nilisahau kugeuza."

Mzee akaugeukia mchoro wa Jenifer. "Huyu ana adabu. Mtundikeni huyu." Akauinamia zaidi. "Ila simfahamu ni nani."

Dorkas alimtazama mwenzake. "Juzi uliuona ubao wangu."

"Niliuona," Jenifer alisema.

Dorkas alisafisha patasi yake, akavuta ubao mwingine juu ya meza.

"Basi kesho nije?" mzee aliuliza. Alimuuliza Dorkas.

Ukuta wa ukumbi sasa ulikuwa wa Jenifer. Angeutoa wote ili aulizwe vile.