Joto Lisilotajwa

Mchana wa jua kali, pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi, Gatete alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Kesho asubuhi dada yake Benitha angepanda basi la wanaohamia Amerika, yeye na mumewe na watoto, na hakuna aliyejua kama wangeonana tena. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: filamu ya harusi yake, ambamo marehemu mama yao alisimama akambariki kwa kinywa chake mwenyewe. Sauti ya mama haikubaki mahali pengine popote.

Picha zote za harusi zilikuwa ndani ya kompyuta, vipande vipande. Kuziunganisha ndiko kulikomshinda. Kila alipoanza, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilishika moto chini ya paa la mabati mpaka kompyuta ikajizima. Ndipo akaipeleka mjini Mbarara, fundi Gervais akamfungia kipoza cha maji cha mtumba: pampu, mipira miwili ya kupitishia maji na rejeta yenye feni ya kuyapoza. Kisha, kwa kutaka wema, Gervais akaiondoa kinga ya kujizima. "Sasa haitakukatia njiani," alisema kwa fahari. "Ila joto likipita tisini, chomoa waya upesi, la sivyo prosesa imekwenda." Wema mwingine, jamani, afadhali kunyimwa.

Kwa hiyo Gatete hakuthubutu kugusa filamu kabla ya kukijaribu kipoza. Aliichagua saa ya joto kusudi. Kikistahimili mchana huu, kitastahimili wakati wowote. Alitandika karatasi ya chooni chini ya maungio ya mipira, ili tone likivuja alione, akawasha programu ya kuichosha prosesa. Lakini macho ni mawili tu, na tone moja la maji lingeua kila kitu. Mbele ya kioo cha kompyuta, penye namba ya joto, akamkalisha Muhirwa, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, mzee aliyezeekea kwenye malisho ya ng'ombe kule Minembwe kabla ya vita kuwakimbiza.

"Baba mukubwa, unaona ile namba nyekundu? Unisomee."

"Naiona. Makumi ine na tano." Arobaini na tano: salama. Baadaye: "Makumi tano na nane." Kisha kimya.

"Na sasa?"

"Iko."

"Iko ngapi?"

"Iko muzuri, mutoto wangu. Angalia kazi yako."

Gatete akashusha pumzi. Karatasi ilikuwa kavu. Mara pampu ikaanza kugugumia, na harufu ya plastiki ya moto ikampiga puani. Akainua kichwa. Tisini na mbili! Aliuvuta ule waya hadi soketi nusura ing'oke ukutani.

"Baba mukubwa! Mbona ulinyamaza?"

Mzee akageuza uso asikione kioo. "Niliona inapanda, nikaogopa. Kitu chenye unapenda hakihesabiwe na sauti. Ngombe zetu nilizihesabu mara moja tu. Mutu mwenye bunduki aliniuliza ziko ngapi, nikamutajia. Kesho yake hakukubakia hata moja."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hasira ilimpanda Gatete, ikashuka, ikamwacha na woga mtupu. Isitoshe, kosa lilikuwa lake: aliilaza rejeta sakafuni kwa sababu sakafu ilikuwa baridi, hewa iliyomo mipirani ikapanda na kukwama ndani ya pampu. Akaitundika rejeta juu kwenye msumari, akaitikisa mipira mpaka mapovu yakapanda yote. Akachomeka waya. Kompyuta ikakaa kimya kwa muda wa kumkausha mtu mate, kisha ikawaka, naye akaanzisha jaribio upya.

"Baba mukubwa, sina mutu mwingine," alisema. "Ukinyamaza tena, na mama atanyamaza."

Muhirwa akavua kofia kama aingiaye kanisani. "Makumi tano na tano," akasoma, jasho likimtiririka. "Makumi sita." Kila namba ilimtoka kama jino. "Makumi sita na moja. Makumi sita na moja. Gatete, imesimama!"

Ilisimama hapo hapo. Gatete akaanza kuiunganisha filamu bila kumwinua mzee kitini, na mzee akaendelea kusoma mpaka sauti ya mama ikasikika chumbani, ikimwita Benitha. Wote wawili walilia, wala hawakufichana.

Asubuhi Benitha aliifunga flashi yenye filamu ile kwenye pindo la kitenge chake. Ofisa aliyesimama mlangoni mwa basi alikuwa akimgusa kila mtoto kichwani. "Moja. Mbili. Ingia, ingia. Tatu."

Muhirwa akaushika mkono wa Gatete, akaubana.

"Umuambie asibahesabu na sauti," alinong'ona. "Gatete, umuambie."

"Nne," ofisa akasema.