Pengo Kati ya Vichwa Viwili

Mwenyekiti wetu, Philip Osundwa, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila mkubwa alikuwa rafiki yake. Akitajwa waziri, walisoma pamoja. Akitajwa askofu, walichunga ng'ombe pamoja. Kwa jinsi alivyosimulia, alichunga ng'ombe na nusu ya serikali, na bado ushirika wetu wa wakulima wa miwa, hapa njia ya Butali, ulikuwa na trekta moja lisilo na betri.

Mimi ni Awinja, kaimu katibu wa ushirika huo. Kaimu kwa miaka tisa. Miaka tisa naandika kumbukumbu za mikutano na kuwajibu wakulima wanaotaka kujua miwa yao itakatwa lini, na kila Desemba Mwenyekiti ananiahidi barua ya kuthibitishwa kazini. Safari hii alisema waziwazi: akichaguliwa tena kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi, barua nitaipata siku hiyo hiyo. Asipochaguliwa, mpinzani wake ana shemeji aliyesomea ukatibu. Basi nikawa namwombea ushindi mtu nisiyeweza kumvumilia dakika tatu. Ana kwa ana nilikuwa mpole kama mkaza mwana wa juzi. Akinipa kisogo tu, mdomo unajibenua wenyewe.

Rafiki wa mwaka huu alikuwa Mkurugenzi Kipngetich, wa shirika moja la Nairobi linalokopesha wakulima mbolea.

"Mimi na Kipngetich ni kama ndugu," Mwenyekiti alikuwa akiwaambia wanachama. "Hamuonangi gari yake hapa kwa sababu mimi ndio naendanga kwake."

Mkurugenzi alipokubali kupita kwetu Jumatano kwa nusu saa, Mwenyekiti aliona kura zote ziko mfukoni. Kilichobaki ni ushahidi. Alitaka picha, na si picha ya simu. Akamleta mpwa wake Titus kutoka Kakamega mjini, jamaa wa ndevu zilizochongwa na kamera yenye lenzi nene kama mchi.

"Anti, hii si ya picha ya kitambulisho," Titus aliniambia kabla hata sijamsalimia. "Ndani iko na nukta sitini na moja za fokasi. Unabonyeza kitufe nusu, inalenga yenyewe, inashika. Hata mtu akikimbia inamfuatanga."

"Sasa wewe kazi yako ni gani?"

Hakupenda. Akanieleza kwa sauti ya kufundisha watoto kwamba wasiojua ndio huiachia kamera ichague kati ya nukta hizo zote. Fundi hutumia moja tu, ile ya katikati. Tena fundi hufungua lenzi mpaka mwisho, ili akilengwa mtu mmoja, walio nyuma yake wageuke ukungu.

"Nyuma yote itayeyuka," alisema. "Watabaki wakubwa tu."

Sisi tuliopangwa kusimama nyuma tulikuwa pale pale tukimsikia. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuyeyushwa.

Jumatano hiyo viti viwili vilitandikwa vitambaa chini ya hema. Mwenyekiti aliketi, akavuta chake karibu na cha mgeni. Mkurugenzi, kwa adabu zote, akasogeza chake kidogo. Mwenyekiti akavuta tena. Mgeni akasogea tena, mpaka akafika kwenye nguzo ya hema na kukosa pa kwenda. Hapo Mwenyekiti aliona haya kuvuta mara ya tatu, na kati yao likabaki pengo ambalo mbuzi angepita bila kugusa mtu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, katikati hasa.

"Kip," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "unakumbuka ile siku?"

"Siku gani?" akauliza Mkurugenzi.

Kamera ikalia piip, kuonyesha imeshika. Titus akainua kidole gumba.

Alituonyesha picha kwenye kile kiskrini cha nyuma, kidogo kama kiberiti, na humo kila kichwa kilionekana kiko mahali pake. Mkurugenzi akaondoka bila kuonja ingokho, yule kuku tuliyemchinjia. Titus akaiweka picha kwenye flashi ya kompyuta, akakimbilia harusi ya watu Khayega. Ijumaa Mwenyekiti aliipeleka flashi mjini, kwenye duka la mabango, akachapisha bango la mita nne. Wa dukani alitakiwa kuchapisha, hakutakiwa kuangalia. Lilirudi limekunjwa, na nilipotaka kulikagua Mwenyekiti alikataa.

"Litafunguliwa mbele ya watu," alisema.

Likafunguliwa mbele ya watu, Jumamosi asubuhi, kwenye mkutano mkuu, chini ya hema lile lile.

Mbele kulikuwa na moshi wa aina mbili, mmoja wa suti ya buluu na mwingine wa suti ya kahawia. Hakuna macho, hakuna midomo. Katikati ya moshi huo, kwa usafi wa kutisha, nilikuwa mimi. Ungeweza kuhesabu mishono ya kitambaa changu cha kichwa. Kamera haikukosea hata kidogo. Titus aliiweka nukta yake ya katikati pale urafiki ulipotakiwa kuwa, nukta haikukuta mtu, ikapita ikanishika mimi. Wangekuwa ndugu kweli, wamekaa bega kwa bega, ingeshika bega.

Na uso niliokuwa nao! Mdomo umepanda upande mmoja, pua imekunjwa, macho yameshuka moja kwa moja kwenye kisogo cha Mwenyekiti. Uso huo nilidhani unajulikana na ukuta wa ofisi peke yake. Sasa ulikuwa mkubwa kuliko mlango, na watu mia tatu wanautazama. Niliona aibu, aibu ya kweli, na barua yangu niliiona ikienda.

Mama Navalayo, mkulima mkongwe wa mstari wa mbele, alisimama akaweka mkono kiunoni.

"Huyu wa nyuma ni Awinja, namujua," alisema. "Na hawa wawili ni akina nani? Ni moshi ya jikoni?"

Hema likalipuka kwa kicheko. Nilitaka kusema jua lilinipiga machoni, lakini kwenye bango hata kivuli cha hema kilionekana vizuri.

Mwenyekiti alilitazama bango. Kisha akanisogelea, mbali na kipaza sauti.

"Miaka tisa, Awinja?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu aliyeumia, na aliyemuumiza nilikuwa mimi.

Halafu akarudi kwenye kipaza sauti. Siku zote nilimhesabu mjinga, na hapo nikajua hesabu ilikuwa mbaya.

"Wanachama, mumejionea," alisema polepole. "Huyu mama ananidharaunga hivi, na kila mwezi mimi ndio naweka sahihi mshahara yake. Sijawahi kumufuta. Kama naweza kukaa na hii uso kwa ofisi yangu miaka tisa, nyinyi nitashindwa kukaa na nyinyi?"

Walipiga makofi mpaka vumbi likaamka. Mikono ikapanda, mpinzani na shemeji yake wakabaki wanaangaliana. Kabla makofi hayajaisha, Mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nimethibitishwa. Wakampigia mengine, wakinitazama kama mwizi aliyesamehewa kanisani.

Barua ninayo kwenye droo. Bango amelitundika ofisini, mkabala na meza yangu, akipigilia misumari mwenyewe huku akiimba wimbo wa kanisa.

Wakulima wanaingia kama kawaida kuuliza miwa itakatwa lini. Namwambia mtu karibu, keti, jina lako lipo kwenye orodha. Namtabasamia kwa moyo safi, maana wakulima sijawahi kuwadharau. Anageuka anatazama bango, ananitazama mimi, kisha anauliza kama kuna mtu mwingine wa kumhudumia.