Ngolo za Vitalia

Tangu aapishwe uwakili, Hedwiga alikuwa akijishikiza kwenye kibanda cha kuchapa nyaraka pale Mbinga mjini, akiwaandikia watu viapo vya vyeti vilivyopotea na mikataba ya kuuziana mashamba. Alipoitwa kwenye usaili wa Wakili wa Serikali, alifurahi mpaka akaona aibu. Mtihani wa kuandika alikuwa ameshaufaulu. Kilichobaki ni kukaa mbele ya watu watatu na kuongea, na kuongea hakujawahi kumshinda.

Mama yake, Vitalia, alikuwa kwao Ukata akimwombea. Mama huyu alikuwa na shauri mahakamani. Barabara mpya ya kuteremkia ziwani ilikata shamba lake katikati. Mthamini akahesabu mibuni, ikalipwa, lakini ngolo akazipita kana kwamba hakuziona. Na ngolo utaachaje kuziona? Ni mashimo ya mraba yaliyojaa miteremko yote ya Umatengo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati, zikawa matuta kuzunguka shimo. Vitalia alichimba zake tangu alipoolewa, na mgongo wake ulikuwa shahidi wa kutosha. Aliwaambia majirani kuwa siku ya shauri atasimama na mwanawe. Kwamba wakili wa Serikali angekaa upande wa pili wa chumba cha mahakama, Hedwiga hakuwa amemweleza. Kila akitaka kumweleza, aliona heri apate kazi kwanza.

Usaili ulianza vizuri. Aliwaamkia, akajieleza, akajibu ya katiba na ya mwenendo wa mashauri bila kubabaika. Mwenyekiti, mama mmoja mpole aitwaye Bonifasia, alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Swali la mwisho likawa la Swalehe, mwanasheria aliyejitambulisha kuwa anasimamia kesi za fidia za barabara kwa upande wa Serikali, mtu wa Pwani aliyehamia huku mwaka huu.

"Mwananchi amelipwa mibuni," alisema Swalehe. "Sasa anadai na ngolo. Anasema ni maendelezo aliyoyafanya kwenye ardhi kwa mikono yake. Wewe ndiye wakili wa Serikali. Mjibu."

Hapo Hedwiga alipaswa kusema: samahani, hilo ni shauri la mama yangu, naomba mnibadilishie swali. Wakili yeyote anajua hivyo, na yeye alijua. Lakini tuseme ukweli, alikuwa anaitaka kazi ile, na jibu lilikuwa limeshamfika mdomoni.

"Ngolo si kitu cha kudumu," alisema. "Huchimbwa upya. Msimu wake ukifika, shimo la zamani hufukiwa na jingine huchimbwa palipokuwa na tuta. Ni kilimo tu, kama matuta ya viazi. Mdai hawezi kuonyesha hata shimo moja lililokuwepo alipoanza kulima."

Swalehe alimwomba arudie polepole, akaandika neno kwa neno. Alikiri kwamba siku zote alidhani mashimo yale huchimbwa mara moja basi. Mwenyekiti akamuuliza Hedwiga amejuaje mambo hayo, naye akasema amekua nayo. Wote wakacheka kwa kuridhika. Alipotoka nje alijua kazi ameipata.

Alipofika Ukata alimkuta mama yake uani anapeta maharage. Akamwamkia, akavuta kigoda. Vitalia akauliza walichomuuliza. Angeweza kusema katiba, na yangeishia hapo. Lakini alishindwa kumdanganya, akamweleza yote: swali, jibu, Swalehe ni nani, na kwamba akiajiriwa hataweza kusimama naye.

Ungo ulitulia mikononi mwa Vitalia.

"Ni kweli, tunazihamisha," alisema. "Na ya nyasi, uliwaambia? Kwamba nyasi tulizozizika miaka yote ndizo zilizoutengeneza udongo ule, na udongo hauhami?"

"Sikusema, mama. Nilikuwa upande wa Serikali."

"Lakini ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mama yake alimtazama bila hasira, na hilo lilimuuma kuliko kofi. Akampa hongera ya kazi, na aliitoa kwa moyo, maana mtu mwenye jibu kama lile, alisema, hawezi kuachwa. Kisha akapeta tena, maganda yakaruka.

"Siku ya shauri usije," alisema. "Hiyo ya udongo nitaisema mwenyewe."