Kahawa ya Mutlaq

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Miaka tisa sikukanyaga hemani kwa Mutlaq, kisa alinywesha ngamia wake kisimani siku ya zamu yetu. Tukikutana arusini au matangani, kahawa ikitoka mkononi mwake naikataa mbele za watu. Sasa Nayif, mtoto wa marehemu kaka yangu, katika mabinti wote wa Karak kampenda nani? Wadha, binti Mutlaq!

“Ami,” akaniambia, “baba yake kasema haongei na mtu ila wewe. Usipokwenda, nimemkosa.”

Ningefanyaje? Yatima nimemlea mwenyewe. Nikakusanya wazee kumi, tukaenda alasiri. Njiani Nayif akaninong’oneza mara tatu: “Kikombe, ami. Usikinywe mpaka akubali.”

“We mtoto! Nimeposea watu hujazaliwa. Utanifundisha wewe?”

Mutlaq akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nami nikakiweka kikombe chini, kama desturi. Kahawa ya mposaji ikipoa bila kunyweka, aibu ni ya mwenye nyumba, na hiyo ndiyo nguvu yetu. Ukishakunywa huna la kudai tena.

Nikamwomba Wadha. Nikataja Mungu, nikataja mababu, na niliongea vizuri, haki ya Mungu. Mutlaq anachokora moto tu.

“Kahawa inapoa, Abu Saqr,” akaniambia.

“Iache ipoe.”

Akarudia moto wake. Mkono wangu nao, mazoea yana taabu! Mtu wa vikombe ishirini kwa siku, kahawa inamnukia iliki hapo magotini, atakaa hivi hivi? Nilishtukia kikombe ki mdomoni, kitupu. Wazee wakainama. Nayif akafumba macho. Nikatamani ardhi inimeze. Nimemharibia mwanangu maisha kwa funda moja.

“Umekunywa,” Mutlaq akasema.

“Nimekunywa. Kosa ni langu, si la kijana. Kama ni kukomesha, nikomeshe mimi.”

“Umekunywa kahawa yangu, Abu Saqr.” Nikainua macho. Jamaa analia! “Mke wangu alipokufa ulikuja mazikoni, nikakumiminia kwa mkono huu, ukanigeuzia uso. Unajua siku ile nililalaje?”

Nikainama kama wale wazee. Mimi, msemaji wa ukoo mzima.

“Binti ni wenu tangu Nayif alipomtaja,” akasema. “Lakini ningekubali kwanza, ungekunywa kwa ajili ya posa. Nilitaka unywe kwa ajili yangu.”

Nyuma ya pazia kina mama wakapiga vigelegele. Nayif akanikumbatia, sikumsikia alichosema. Moyo uliniuma kweli kweli. Kikombe kile nilikinywa kwa mazoea ya mkono tu, Mungu anajua, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia Mutlaq.

Nikamnyooshea kikombe. “Niongeze, ndugu yangu.”

Hicho cha pili nilikinywa polepole, namtazama usoni.