Fomu ya Mayowe

Kazi ya Dada Tochi ilikuwa kuwaangalia watu wanaoangalia sinema. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaonyesha watu viti vyao katika ukumbi ule, na jina alilipata kwa tochi yake, ambayo hata nyumbani umeme ukikatika hakuna aliyethubutu kuigusa. Filamu mpya ikiletwa kujaribiwa kabla ya kuonyeshwa kwa watu wote, wasambazaji walileta na fomu. Kila dakika ilikuwa na visanduku vinne: Kicheko, Mayowe, Makofi, Walioondoka. Dada Tochi alisimama ukutani na saa yake mkononi, akaandika kilichotokea, safu gani na dakika ya ngapi, tangu taa zizimwe mpaka mtu wa mwisho atoke. Kwa njia hiyo aliwajua binadamu vizuri. Alijua, kwa mfano, kwamba mwanamume akikohoa mara tatu kwenye mazishi ya filamu, huyo analia.

Filamu ya Jumamosi ile ilikuwa ya kutisha, tena yenye mafunzo, juu ya weusi na weupe. Meneja, mzungu mpole kupita kiasi, alikuwa ameisifu wiki nzima. "Inauma hii," alimwambia kila aliyepita mlangoni kwake, huku akitafuna biskuti. "Lazima watu waione, wajitazame."

Watu wenyewe walifika saa nane mchana. Waalikwa wa Meneja walikaa safu mbili za mbele, kwenye viti vyenye vikaratasi vya majina: rafiki za mkewe, wenye majengo ya jirani, na bibi mmoja aliyewahi kuchangia mapazia. Safu za nyuma zilijaa waliopewa tiketi za bure: wafagiaji, walinzi, wauza bisi na ndugu zao. Hakuna aliyeagiza weupe wakae mbele na weusi nyuma. Ilitokea tu, kama inavyotokea kila siku, na kila mtu akaona ni sawa.

Lakini Dada Tochi siku hiyo alikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe lilikuwa koti.

Msimamizi wa ukumbi, mzee mrefu kama mlingoti, alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Koti lake la buluu lenye vifungo vya shaba lilibaki likining'inia ofisini. Jumatatu Meneja alimwita Dada Tochi, akamkabidhi lile koti kwa mikono miwili. "Lishughulikiwe, liwe tayari Jumamosi," alisema. "Baada ya filamu nitamtangaza msimamizi mpya mbele ya wageni. Na wewe usikose, dada. Ni siku yako pia."

Sasa mtu ukiambiwa hivyo, utaelewaje? Dada Tochi alikuwa amekaimu kazi ile kila mzee alipougua, na mzee aliugua sana. Alilibeba koti mbio hadi kwa mdogo wake, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo usio na breki. Mdogo mtu akampima dada yake mabega, kiuno na mikono, akashika mkasi, akakata. Kitambaa kilichobaki kilitosha kushona kofia ya mtoto. Dada Tochi alipojitazama kwenye kioo, machozi yalimlengalenga, na hakuona haya.

"Hili likikuvuka," mdogo wake alisema na pini mdomoni, "niite mbwa."

Basi taa zikazimwa. Koti lilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi, kwenye meza ndogo mbele ya pazia. Mdogo wake alikuwa amekaa safu ya mwisho, bisi mapajani, mkao wa kula.

Filamu ilimhusu mwanamke mweusi anayekwenda kufanya kazi katika nyumba kubwa ya wazungu wema. Si watu wa kupiga wala kutukana. Wanampa chai, wanamwuliza habari za mama yake. Ila kila wanapomwambia, "Wewe ni mmoja wetu," mlango mmoja wa nyumba ile unatoweka. Palipokuwa na mlango panabaki ukuta mtupu, umepakwa rangi vizuri.

Dakika ya kumi na mbili paka aliruka kutoka kabatini, safu za mbele zikapiga mayowe na bibi wa mapazia akamshika Meneja paja. Safu za nyuma walicheka wakavunjika mbavu. Dada Tochi akaandika vyote viwili.

Dakika ya arubaini na tatu ndiyo iliyomshangaza. Bibi mwenye nyumba, kwenye filamu, anamfunika mfanyakazi wake shuka, anampapasa shavu, anamwambia kwa sauti laini: "Wewe ni mmoja wetu." Hakuna muziki wa kutisha, hakuna kisu, hakuna damu. Safu za mbele walishusha pumzi. "Jamani," mtu alinong'ona, "wapo watu wema." Papo hapo huko nyuma palilipuka mayowe ya kupasua dari. Mlinzi mmoja, pande la mtu, alijifunika uso kwa kofia yake. Na juu ya kelele zote ilisikika sauti ya fundi cherehani:

"Kimbia, dada! Kimbia, mlango ungalipo!"

Waalikwa waligeuka kutazama nyuma, wakashangaa watu wanapiga kelele na hakuna lililotokea. Dada Tochi aliandika: *Dakika ya 43. Mbele, kuridhika. Nyuma, mayowe.* Kuridhika hakukuwa na kisanduku, akakuandika pembeni.

Filamu ikaisha, nyumba ikiwa kuta tupu, na taa zikawaka. Mbele walikuwa wanalia kwelikweli. Bibi wa mapazia alimshika mkono Dada Tochi aliyekuwa akipita na fomu yake, akamtazama kwa macho mekundu. "Pole," alimwambia. "Pole sana kwa yote. Sikuwa najua." Kisha, kwa kuwa mkono alishaushika, akamwekea ndani yake boksi tupu la bisi akalitupe.

Meneja alipanda mbele ya pazia, naye macho yamemvimba. Alisema filamu hii imembadilisha. Alisema kuanzia leo ukumbi huu utakuwa mahali ambapo kila mtu anaonekana. Wakapiga makofi, na Dada Tochi akaandika makofi upesi, kwa sababu alijua kinachofuata. Boksi la bisi aliliweka chini ya kiti. Akajinyoosha sketi.

"Na sasa, msimamizi wetu mpya," alisema Meneja. "Shemeji, njoo."

Akainuka mtu kutoka safu ya mbele. Alikuwa kaka wa mke wa Meneja, mwanamume mnene mwenye tabasamu zuri, ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa akiuza mabafu. Meneja akatoa koti kwenye mfuko, akalikung'uta, akamshikilia avae. Mkono wa kwanza uliingia mpaka kwenye kiwiko ukagoma. Wa pili haukufika hata hapo. Shemeji alivuta, Meneja akasukuma, mshono ukalia *trrr*, na kifungo kimoja cha shaba kikaruka kikabingirika mpaka miguuni kwa Dada Tochi.

"Mbona limekuwa dogo?" Meneja aliuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa. Alimtazama shemeji yake, akalitazama koti, kisha macho yakaenda kwenye mabega ya Dada Tochi. Akaelewa. Shingo ilimbadilika rangi.

Dada Tochi alihisi aibu ikimpanda kama homa, na nyuma yake hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Miaka kumi na mmoja! Kumbe alitumwa kwa fundi kama mtu wa kupeleka nguo, na yeye akajipima!

Meneja alishuka upesi, akamwekea mkono begani. Alikuwa na huruma, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Dada, usijisikie vibaya," alisema kwa sauti ambayo wageni wangeisikia. "Shemeji ni mgeni wa kazi hii, hajui lolote. Utamfundisha wewe. Bila wewe hapa hakuendeki. Cheo ni nini, bwana? Wewe ni mmoja wetu."

Safu za nyuma zikapiga mayowe.

Walipiga wote kwa pamoja, wafagiaji, walinzi na wauza bisi, na yule mlinzi akajifunika tena kofia. Mdogo wake alisimama juu ya kiti, bisi zikamwagika. "Kimbia, dada! Mlango ungalipo!"

Safu za mbele walicheka. Walidhani ni mzaha uliopangwa, sehemu ya shughuli, na wakaona umepangwa vizuri sana. Bibi wa mapazia alisimama kupiga makofi, na wengine wakasimama naye, Meneja akiwa katikati yao hajui acheke au ainame.

Dada Tochi aliinama akaokota kifungo cha shaba, akakiweka kwenye kiganja cha shemeji, ambaye alikuwa bado amekwama kwenye koti. Juu yake akaweka tochi.

"Betri zinataka kubadilishwa kila Alhamisi," alimwambia.

Kisha akatazama saa, akaegemeza fomu kwenye mgongo wa kiti, akaandika bila haraka, maana kazi ya watu haiachwi nusu. *Saa kumi na dakika tano. Mbele: kicheko, makofi, wamesimama. Nyuma: mayowe.* Kisanduku cha nne, cha Walioondoka, kilikuwa kitupu tangu filamu ianze. Akaandika ndani yake: *mmoja*. Akatia sahihi, akaiacha fomu kwenye kiti chenye jina la Meneja, akaufuata mlango.