Nta ya Mbawakawa

Motiejus Rimša aliporudi kutoka kula chakula cha mchana, alimkuta tena shujaa wake ameinamisha upanga. Shujaa huyo alikuwa mbawakawa mkavu mwenye pembe, miguu yake imeungwa kwa nta. Motiejus aliisogeza kidogo, picha ikapigwa. Akaisogeza tena, ikapigwa tena, na picha hizo zilipooneshwa mfululizo kama filamu, watazamaji wa mji wa Kaunas waliapa kwamba wadudu wale walikuwa hai.

Siri hiyo aliwashirikisha watu wawili tu: mkewe Uršulė, na Zenonas, kaka wa mkewe, aliyezungusha mkono wa kamera. Taa kali za kupigia picha hazikuzimwa hadi onyesho likamilike, hata wakati wa mlo, na mchana ule Zenonas ndiye aliyetangulia kurudi. Isitoshe, alikuwa ameonekana akinywa bia na mwenye ukumbi mmoja wa sinema aliyeitamani siri ile.

Motiejus alimuuliza Zenonas, macho yakiwa kwenye vidole vya shemejiye, nani ameugusa upanga.

“Labda bwana mkubwa amechoka vita, shemeji,” Zenonas akacheka. “Hata askari wa Tsari wa Urusi hupewa likizo ya Pasaka.”

Motiejus aliunyoosha upanga mwenyewe. Siku iliyofuata upanga ulilala tena. Safari hii hakuuliza. Alinyoosha mkono, akadai ufunguo wa chumba cha kazi.

Zenonas aliuweka mezani taratibu. “Miaka yote hii nimekuzungushia mkono wa kamera,” alisema, “na leo umeniona mwizi.”

Asubuhi ya Pasaka, baada ya misa, kiti cha Zenonas mezani kilikuwa kitupu. Uršulė alimpa mumewe yai la kugonganisha kwa desturi ya sikukuu, jekundu lililokoza, lenye maua meupe yaliyochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi. Katika mstari mmoja nta ilikuwa imesalia. Motiejus aliikwangua kwa ukucha, akainusa. Ilinuka utomvu wa msonobari. Hakuna mwingine ila yeye aliyechanganya nta hivyo, ili ibaki ngumu mbele ya taa.

“Nilichota kwenye kopo lako la nta,” Uršulė alikiri, “nikalijaza nta ya mizinga ya nyuki ya mama. Nta si nta tu?”

Kumbe ni nta hiyo isiyo na utomvu iliyolainika mbele ya taa; hakuna aliyeugusa upanga. Motiejus alivaa koti, akalitia yai mfukoni, akaenda kubisha kwa shemejiye. Aliomba radhi mlangoni, kofia mkononi, majirani wakisikia.

Sikukuu ilipokwisha, Zenonas alirudi kazini. Lakini hakuikaribia kamera. Alisimama kizingitini, mikono mfukoni.

“Kagua kwanza upanga wako, shemeji,” alisema. “Ukiridhika, ndipo nitaingia.”